Weusi usiopakwa: mitungi ya Magdalene Odundo

Wengi wetu tulio Uingereza tukifika mbele ya mtungi wa mfinyanzi Magdalene Odundo swali la kwanza huwa: hii rangi ni ya aina gani? Hakuna rangi, wala hakuna glezi, ule mpako wa kioo unaong'aa. Weusi ule ni moshi ulioingia kwenye ngozi ya udongo, na wekundu wa mitungi mingine ni chuma kilichomo katika udongo wenyewe. Ukishalijua hilo utaanza kuuona mtungi kama mwili wenye ngozi yake.

Kiswahili chetu kilishatangulia kusema hivyo. Mtungi una mdomo, una shingo, una tumbo. Odundo anayachukua maneno hayo kwa uzito wake. Tumbo hutokeza upande mmoja kama la mja mzito, shingo huinama, mdomo hupanuka ukakumbusha vichwa virefu vya wanawake wa zamani wa kabila la Mangbetu, Kongo. Mara nyingine kuna vinundu vidogo: vikikaa mbele utadhani chuchu, vikipangwa mgongoni vinakuwa pingili za uti. Uso hakuna, mikono hakuna. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mitungi hii haikufinyangwa ili kata iingie.

Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaja Uingereza 1971 kusomea usanifu wa michoro. Katikati ya miaka ya 1970 alikwenda kituo cha ufinyanzi cha Abuja ya zamani, mji ambao leo ni Suleja, Nigeria. Huko kina mama wa kabila la Gwari, mfinyanzi mashuhuri Ladi Kwali akiwa miongoni mwao, walikuwa wakiinua vyungu kwa mikono bila gurudumu. Baadaye aliviona vyungu vyeusi vya San Ildefonso, kijiji cha wenyeji asilia wa Amerika huko New Mexico, Marekani. Kibandiko cha makumbusho kinachoishia kwenye “chungu cha Kiafrika” kinaiacha nje nusu ya kazi yake.

Kwa ndugu waliojiunga na madarasa ya ufinyanzi mijini huku na wanataka kujaribu njia hii, ugumu unaanza kwenye kukauka. Wakati wa baridi nyumba zina vipasha joto. Chungu kikiwekwa karibu navyo, mdomo hukauka na kusinyaa wakati tumbo bado bichi, kikapasuka shingoni. Kifunike kwa mfuko wa plastiki, mdomo ufunikwe zaidi ya tumbo, na ukiache kikauke polepole kwa wiki moja au mbili.

Ngozi yenyewe ni tope jepesi sana linaloitwa tera sijilata. Changanya kilo 1.5 ya unga wa udongo mwekundu mkavu na lita 3.5 za maji, kisha gramu 7.5 za sodiamu siliketi, ambayo hutenganisha chembe nzito na nyepesi. Usiuguse mchanganyiko kwa saa 20 hivi. Kutakuwa na tabaka tatu: maji juu, chembe laini katikati, mchanga chini. Vuta la kati tu kwa mpira mwembamba, taratibu. Ukitikisa ndoo, mchanga unapanda na utakuja kukwaruza kazi yako. Paka matabaka matatu mepesi juu ya chungu kikavu, kisha sugua kwa jiwe laini la mtoni au mgongo wa kijiko kabla unyevu haujaisha. Kusugua hulaza chembe upande mmoja, na hapo alama za vidole hupotea kabisa. Mkono uliofanya kazi unafichwa na kazi yenyewe.

Usichome kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi, maana mng'ao hufifia. Hadi nyuzi 100 panda polepole sana. Maji yaliyobaki yakigeuka mvuke kwa ghafla, chungu hulipuka. Tanuri likiwa na hewa ya kutosha, chungu hutoka chekundu.

Weusi huja kwa moto wa pili. Chungu huwekwa ndani ya chombo cha udongo chenye mfuniko, pamoja na vipande vya mbao, kikachomwa kwa uhaba wa hewa. Kaboni hujikita kwenye vitundu vya udongo, na chuma chekundu nacho hugeuka cheusi. Usilifanye hili kwenye tanuri la umeme la darasani: moshi na ukosefu wa hewa hula nyaya zake. Tafuta karakana yenye tanuri la gesi, au kundi linalochomea nje. Kosa la kawaida ni haraka ya kufungua. Hewa ikiingia chombo kingali cha moto, kaboni huungua upya na mabaka ya kahawia hutokea. Na chungu cha namna hii huvuja, kwa hiyo si cha maji wala chakula.

Ukienda British Museum, ambako kazi yake imo katika mkusanyo na kuingia ni bure, usisimame mbele tu. Zunguka taratibu. Mtungi ulioonekana umenyooka utauona umeinamisha shingo, na nafasi ikiruhusu, chungulia mdomoni: ukingo unang'aa, kisha giza.