Siku moja mikokoni Gazi: miche, kaa na visiki

Saa 12 asubuhi. Kabla ya chai, jedwali la maji. Kazi ya kupima msitu wa mikoko hupangwa siku za bamvua, maji yanapojaa na kutoka kupita kawaida, kwa sababu siku hizo hapa Gazi, Kwale, bahari hujaa alfajiri saa 10 hivi na kutoka kabisa saa 4 na nusu asubuhi. Siku za maji mafu, bahari isipotoka sana, miti ya mbele haifikiki kwa miguu. Mkobani mna kamba za mita 10, vigingi, futi kamba, dira, kipima chumvi na chupa ya maji yasiyo na chumvi ya kukisuuzia. Kuandika ni kwa penseli, maana wino hauhimili tope.

Tunaanzia upande wa nchi kavu na kuyafuata maji yanavyotoka.

Saa 2. Mchu wa nyuma, aina mojawapo ya mikoko. Ni mti uleule unaoota pia mbele karibu na bahari, lakini kule ni mrefu na huku umedumaa. Sababu ni chumvi. Chimba shimo, subiri maji yachuje, dondoshea tone kwenye kioo cha kipima chumvi. Maji ya bahari husoma 35 hivi, lakini huku, bahari isipofika siku nyingi za kiangazi, namba hupita 60. Mchu huvumilia kwa kutoa chumvi kupitia majani. Lamba jani uone. Usiposuuza kioo, kila tone linalofuata litasoma juu kuliko ukweli.

Saa 3. Mkandaa, aina nyingine ya mikoko, na hapa ndipo kaa hutawala. Wale wa makucha mekundu huzivuta mbegu zilizoanguka hadi mashimoni. Ili kujua wanakula kiasi gani, tunafunga mbegu 20, kila moja kwa nailoni ya kuvulia ya mita 1 iliyoshikizwa kwenye mzizi, kisha tunarudi siku ya 3, ya 7 na ya 14. Mbegu iliyotafunwa ncha ya chipukizi imekufa hata kama sehemu nyingine ni nzima. Nailoni isikazwe: ikikata ganda mbegu huoza, na lawama humwendea kaa asiye na hatia.

Mashimo tunayahesabu ndani ya fremu ya mita 1 kwa 1, lakini shimo si kaa, maana kaa mmoja anaweza kuwa na milango miwili au zaidi. Simama kimya dakika 15, watatoka wenyewe. Wapo wanaotaka kaa wauawe ili miche ipone. Wanakosea sana. Mashimo hayo ndiyo yanayopitisha maji na hewa chini ya tope, na majani yanayoburutwa humo huwa mbolea. Kaa wakiondolewa, gesi yenye harufu ya yai bovu huzidi udongoni na miti hudhoofika.

Konokono tondo naye anakula mbegu na majani, ila akiwa mkubwa tu. Mwenye gamba lisilofika sentimita 5 hivi huramba tope.

Saa 3 na nusu. Mkoko wenyewe, aina yenye mizizi inayoshuka kutoka shinani, na kazi ndefu kuliko zote. Tunapiga kiwanja cha mita 10 kwa 10. Miti mingine unene wake hupimwa mita 1.3 kutoka chini, lakini mkoko hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Ukipima katikati ya mizizi, namba haina maana. Futi kamba hutoa mzunguko. Gawanya kwa 3.14 upate kipenyo. Kinachofikia sentimita 2.5 ni mti. Miti 28 kiwanjani ni sawa na 2,800 kwa hekta.

Jumla hiyo peke yake hudanganya. Panga miti kwa majina ya wakataji: fito, pau (sentimita 4 hadi 7.9), mazio (8 hadi 11.4), boriti (11.5 hadi 13.9), nguzo. Msitu usioguswa huwa na miti myembamba mingi, ikipungua taratibu kadiri unene unavyoongezeka. Ukikuta pengo penye mazio na boriti, hesabu visiki: utajua nyumba zimeezekwa kwa miti ipi.

Miche huhesabiwa kwa makundi matatu: chini ya sentimita 40, hadi 150, hadi 300. Uwiano unaotafutwa ni 6:3:1. Wadogo wakijaa na wa kati wakikosekana, mbegu zinafika na kuota ila kuna kinachoziua baadaye, mara nyingi kivuli.

Saa 4 na nusu. Maji yamekauka, tupo kwenye mlilana, aina ya mikoko iliyo mbele kabisa. Tazama matawi ya juu yaliyokauka, halafu panapoungana tawi na shina: tundu lenye unga wa mbao ni kazi ya viwavi na mbawakawa wanaotoboa. Andika ni sehemu gani ya taji, yaani matawi yote ya juu, iliyokufa. Bahari huanza kurudi, tunageuka.

Saa 5 na nusu. Njiani tunachukua udongo. Kipekecho, bomba la kuchotea udongo, huzamishwa mita 1, huzungushwa, huvutwa polepole, na vipande hukatwa kwa vina vinne: sentimita 0–15, 15–30, 30–50 na 50–100. Ukikigonga kwa nguvu udongo hushindiliwa na kaboni itaonekana nyingi kuliko ilivyo. Hapa kijijini hilo si jambo dogo: Mikoko Pamoja, mradi ulioanza 2013, unauza haki ya kaboni inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, na kaboni nyingi imo udongoni.

Saa 8 mchana. Udongo unaingia kwenye jiko la kukaushia, nyuzi 60, hadi uzito usibadilike mara mbili mfululizo.

Saa 10 jioni. Bahari imejaa tena. Chaa na mkizi wachanga wanapita katikati ya mizizi, na sisi tupo mezani na kiwanja kimoja cha mkandaa kisicho na mche hata mmoja. Shinikizo ni kupanda miche. Mimi hukataa hadi maswali yajibiwe kwa mpangilio huu: Maji yanafika? Chumvi ni ngapi? Mti mama upo karibu? Nani anakula mbegu? Mtaro wa maji ukiwa umezibwa na mchanga, miche 10,000 kwa hekta itakufa yote, na kuuzibua mtaro kunatosha. Kiwanja hiki chumvi yake ni ya kawaida na miti mama ipo, lakini mbegu zote tulizofunga zimevutwa na kaa. Hakipandwi msimu huu. Bamvua ijayo tunafunga 20 nyingine, wakati mbegu zinapoanguka kwa wingi, tuone kama kaa watashiba.