Usikubali kuambiwa "ni uzee huo", sisi tunawapima

Kitu kinachoniudhi kuliko vyote kazini ni mtu kamleta mama yake kakonda, hana nguvu, anaanguka hovyo, halafu anaambiwa ni uzee huo, akapumzike. Mimi ni nesi zahanati, huku pwani ya Tanga, na nina wazee wa miaka 80 wanalima na wengine wa 65 hawawezi kuinuka kitini, sasa uzee gani unachagua watu?

Mwanzo tulijaribu maswali, yakatushinda. Wazee wetu wana adabu, ukiuliza hali anajibu alhamdulillahi mwanangu, huku nguo inamvuka. Tukahamia kupima mwendo: mita 4, akizidisha sekunde 5 kwa mwendo wake wa kawaida, huyo mwangalie vizuri. Tabu ikawa ukimwambia babu tembea nikupime, anakaza kifua anatembea kama yuko gwaride la Muungano! Ndo nikachora mistari miwili ya chaki barazani, kati ya benchi na dirisha la dawa. Naita jina, simu iko mkononi inahesabu, mzee anajiendea zake hana habari, nikimaliza ndo namwambia na wengi wanacheka sana. Hapo ukweli wote ulitoka, hadi nani anainuka benchini kwa kujisukuma na mikono.

Babu mmoja mwendo wake ulinitisha. Nikamwambia mjukuu wake alete dawa ZOTE za nyumbani, sio kadi, dawa zenyewe. Mfuko mzima! Amlodipine ya kwetu, nifedipine ya duka la dawa (zote za presha, tena kundi moja), vidonge vya usingizi vya jirani, diclofenac ya magoti kila siku. Presha amekaa iko vizuri, kasimama tu ile namba ya juu ya presha ikashuka zaidi ya 20, kizunguzungu. Na familia ilishaanza kumfungia ndani eti asianguke, wakati kukaa ndani ndo kunamaliza misuli. Daktari wa kituo cha afya akazipanga upya, msijipunguzie wenyewe jamani, za usingizi hasa hazikatwi ghafla.

Mazoezi akagoma, ya watoto wa shule hayo. Tukakubaliana kila ikiadhiniwa, kabla ya kwenda kutawadha, anainuka na kukaa kitini mpaka achoke, bibi anahesabu. Bibi alikuwa mkali kuliko mimi! Chakula nacho, meno hana, anaishi kwa chai na mkate. Kuna waliowaambia wanunue poda ya lishe ya kopo, hela nyingi bure. Dagaa wa elfu mbili tatu wakasagwa wakatiwa kwenye mchuzi, mayai, maharage ya kuponda. Miezi ikapita kidogo, babu akarudi baraza la kahawa kwa miguu yake, uzito umepanda.

Ukiwa na mzee nyumbani mjaribu: mikono kifuani, ainuke na kukaa mara 5, wewe simama karibu umdake. Ikizidi sekunde 15 au akishindwa, mpeleke, na mfuko wa dawa usiuache.