Kwa treni hadi kwa Mkapa, tukibishana juu ya Tony Iommi

Stesheni ya Jakaya Kikwete, ya treni ya kisasa hapa Morogoro, iko Kihonda, mbali kidogo na mji, na sisi wa Mafiga inabidi tulipe bodaboda kwanza ndipo tuifaidi ile nauli ya shilingi 13,000. Sinung'uniki sana. Enzi za basi, Moro hadi Dar ilikuwa saa nne kama umeamka na bahati: Chalinze mnanunua mahindi, Kibaha mnaganda, mkifika Mbezi mmechoka hata kusemeshana hamtaki. Siku hizi mzigo unapita kwenye mashine, unakaa kwenye kiti chenye namba yako, na stori ya kwanza haijaisha mmeshafika Ngerengere.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 2 Agosti 2025, siku ya ufunguzi wa CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Behewa zima limevaa jezi za Taifa Stars. Mimi na mjomba tulikuwa tunakwenda huko huko kwa Mkapa, ila stori yetu haikuwa ya mpira. Ozzy Osbourne, mwimbaji wa bendi ya roki ya Black Sabbath, alikuwa amefariki Julai 22, na tangu siku hiyo sisi wachache wa Moro tunaosikiliza roki tulikuwa tunarushiana video zake za zamani. Mimi niliyokuwa naiangalia kila siku haikuwa ya zamani sana. Ni ya Agosti 8, 2022, pale Uwanja wa Alexander, Birmingham, Michezo ya Jumuiya ya Madola inafungwa.

Watanzania wengi tuliifuatilia michezo ile kwa sababu zetu wenyewe. Alphonce Simbu alikuwa amepata fedha kwenye marathoni, na mabondia Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe wakapata shaba. Sherehe ya kufunga ukaiangalia tu kwa kuwa runinga ilikuwa bado inawaka. Halafu taa zikabadilika, akatokea mzee mmoja amevaa nyeusi, gitaa analipiga kwa kushoto, akaanza utangulizi wa wimbo wa Iron Man. Polepole. Mzito. Huyo ni Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, mwenyeji wa Birmingham, mwaka ule ana miaka 74. Kutoka chini ya jukwaa akapanda Ozzy, ambaye hakuwa ametangazwa kabisa, mtu mwenye ugonjwa wa Parkinson na aliyefanyiwa upasuaji mkubwa mwezi Juni mwaka huo huo. Wakapiga Paranoid, fataki zikaruka, michezo ikafungwa.

Nikampa mjomba simu na visikilizio vyangu.

Lazima nieleze huyu ni mtu wa namna gani. Mjomba amekulia muziki wa dansi. Moro ndiko walikotoka Mbaraka Mwinshehe na Salum Abdallah, na yeye bado anaamini kwamba tangu hapo dunia imekuwa ikirudi nyuma. Hapendi gitaa lenye mlio wa kukwaruza. Aliangalia hadi mwisho, bila haraka, kisha akavua kisikilizio kimoja.

"Sasa mjomba, solo iko wapi?"

"Hiyo ndiyo kazi yake, mjomba. Wimbo wote umekaa juu ya ule mstari wa gitaa."

"Noti zenyewe za kuhesabika! Akirudi ni zile zile. Kijana wa bendi ya Sikinde akipiga hivyo ukumbini DDC Kariakoo, shoo haifiki nusu anaombwa akakae." Akanirudishia simu. "Mmepigwa ridhimu na fataki."

Kiti cha mbele yetu alikaa dada mmoja wa makamo, jezi ya Stars, mkoba mapajani. Akageuka. Akasema samahani, sisi tunakosea wote wawili, kwa sababu tunamwangalia Iommi kama mtu aliyekuja kujionyesha. "Yule kaja kumshikia mwenzake. Angalieni macho yake yako wapi." Nikarudisha video nyuma. Kweli, kwenye Paranoid anatazama upande wa Ozzy mara nyingi kuliko anavyotazama vidole vyake. Mimi ile video nimeiangalia sijui mara ngapi, na macho yangu yote yalikuwa kwenye gitaa.

Mjomba alikuwa ameshahamia ubishi mwingine, na mzee wa upande wa pili wa njia, kuhusu nani aanze mbele kwa Stars. Dada akaendelea na mimi. Akanikumbusha kwamba Iommi alitokea pia kwenye ufunguzi, Julai 28, pamoja na mpiga saksafoni Soweto Kinch, na kwamba watu hawauzungumzii usiku ule kwa sababu yule ng'ombe aliwafunika wote. Ng'ombe mwenyewe ni dume la chuma na mitambo, urefu kama mita 10, macho yanawaka, moshi unamtoka. Baadaye watu wa Birmingham walipiga kura kumpa jina, wakamwita Ozzy, na sasa yuko ndani ya stesheni yao kuu ya treni. Dada hilo la jina hakuwa analijua. Alicheka hadi mtoto wa kiti cha nyuma akainuka kutuchungulia.

Pugu, halafu majengo, halafu Dar yenyewe. Stesheni ya Magufuli imejengwa kwa umbo la tanzanite, na ukitoka humo ndani yenye ubaridi, joto la mji linakupokea kama shangazi asiyekuacha upumue. Tuliagana na dada pale nje. Mechi ilikuwa usiku, mchana wote ni wetu, na mjomba akataka tupitie Gerezani kwa rafiki yake. Ni karibu, tukaenda kwa mguu.

Asiyeijua Gerezani asidhani namwambia habari za jela. Ni mtaa wa chuma. Milango, mageti, majiko, mapipa, makreti, vitanda vya hospitali, vyote vinazaliwa pale kwenye vibaraza. Kabla hujaona mtu unasikia nyundo na grenda. Rafiki wa mjomba ni fundi bati, na usiku wa wikendi anapiga gitaa la besi kwenye bendi, akiitwa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua uso, maana alikuwa anakata. Fundi mzuri wa bati huoni akihangaika. Mkasi ulikuwa unatembea kwenye mstari wa chaki kama unaujua, na ncha ya bati ikawa inajikunja yenyewe upande wa nje, mbali na kifundo cha mkono wake.

Alipomaliza, mjomba akamshtakia: huyu mpwa wangu ananilazimisha kumsifu mzungu mwenye noti tano. Fundi akaomba kuona. Aliangalia mara moja, akarudia pale mwanzo, akaikuza picha kwa vidole viwili.

"Huyu kwenye vidole kavaa nini?"

Mashabiki wa roki kisa hiki tunakijua kwa moyo, lakini sijawahi kumsimulia mtu ambaye chuma ndiyo kazi yake. Iommi alikuwa na miaka 17, mfanyakazi wa kiwanda cha bati pale Birmingham. Ilikuwa siku yake ya mwisho kazini, anaacha akafanye muziki. Mchana alirudi nyumbani kula, akawa hataki kurudi kiwandani, mama yake akamwambia arudi akaimalize siku. Wakamweka kwenye mashine ya kukandamiza bati ambayo si yake, kwa sababu mwenye nayo hakuja. Ikamshika mkono wa kulia, akakosa ncha za vidole viwili, cha kati na cha pete. Na kwa kuwa yeye anapiga kwa kushoto, mkono wa kulia ndio unaobana nyuzi.

Fundi alikuwa ameacha kutabasamu. "Aliuvuta," akasema.

Ndiyo. Aliuvuta.

"Presi ikikushika usivute. Ikupe yenyewe. Lakini nani anakumbuka?" Akatuonyesha mashine ya jirani yake, ya zamani, imepakwa rangi ya kijani juu ya rangi nyingine ya kijani. Kijana aliyekuwa anaiendesha hakuwa na glavu. Nikauliza kwa nini. Fundi akasema mashine nyingine glavu ndiyo inayokupeleka, inashikwa kitambaa kwanza halafu wewe unafuata. Mjomba, ambaye asubuhi yote alikuwa na neno la kujibu kila kitu, hapo alikuwa anaangalia mikono ya yule kijana tu.

Nikamalizia. Aliambiwa asahau gitaa. Msimamizi wake wa kiwandani akamletea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyeunguzwa na moto akabaki anapiga solo kwa vidole viwili. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akaviringa vikofia, akavichonga hadi vikakaa kwenye ncha za vidole, juu akabandika ngozi ili visiteleze. Nyuzi za kawaida zilikuwa ngumu mno kwa vidole hivyo, nyuzi nyepesi za gitaa zilikuwa hazipatikani, akafunga za banjo. Baadaye akazilegeza pia, na albamu ya Black Sabbath ya mwaka 1971 utaisikia jinsi gitaa lilivyoshuka chini. Ule uzito ambao bendi za dunia nzima zimeuiga umepitia hapo, kwa mtu aliyekuwa anatafuta namna ya kutoumia.

"Basi huyo ni fundi," fundi akasema. Kwake hukumu ilikuwa imeshatoka, akaenda kunawa.

Mjomba hakukubali. Kuhurumia ni kitu kimoja, akasema, na muziki ni kitu kingine. Said Mabera, mpiga gitaa wa bendi ya Msondo, naye ni mzee, na hujawahi kusikia watu wakimsifu kwa uzee wake, wanamsifu kwa solo. Hapo kusema kweli sikuwa na jibu, na wali maharage wa mama ntilie wa pale kona ulikuwa umeshafika, nyanya chungu pembeni.

Safari ya kwenda Temeke sina la kuieleza. Bajaji, foleni, bendera, honi, foleni tena.

Uwanja wa Mkapa unaingiza watu 60,000 na tangu ulipofunguliwa 2007 nimeuingia mara chache mno kiasi kwamba bado unanishtua. Tulikaa juu, nyuma ya goli. Mashabiki wenye ngoma walikuwa jukwaa la mbali, upande wa pili kabisa, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho kwenye simu huwezi kukiona. Mkono wa mpiga ngoma unashuka, kimya, halafu mlio unafika. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kukatiza uwanja mkubwa hivi inakula zaidi ya nusu sekunde, na hapo hujahesabu mwangwi unaorudi kutoka kwenye paa. Wale wa ngoma walipopiga taratibu, uwanja mzima ulipiga makofi pamoja. Walipochanganya, mapigo yenye mbwembwe, huku kwetu ulikuja uji. Spika za uwanja zilikuwa hivyo hivyo: neno moja moja tunasikia, sentensi hatusikii.

Nikamgusa mjomba begani nikamwonyesha mkono wa yule mpiga ngoma. Aliutazama kwa muda, midomo inahesabu. Ni mtu wa muziki, hakuhitaji maelezo.

"Kwa hiyo unataka kuniambia yule mzungu alijua."

Nilitaka kumwambia hivyo hasa. Solo ya dansi imetengenezwa kwa ukumbi, watu wanacheza hatua tatu kutoka kwenye spika, mpigaji anamwona anayemjibu. Ilete hapa, yale mashairi yote yataishia kwenye paa. Noti chache, nzito, zenye nafasi katikati, zinafika hadi kwa mtu wa mstari wa mwisho zikiwa bado ni noti. Iommi alikuwa amepiga viwanja kwa miaka mingi. Na kama yule dada alivyosema, noti zenye nafasi zinampa pia mwimbaji mgonjwa mahali pa kuweka mguu.

"Mbaraka angepata njia," mjomba akasema, kwa sauti ndogo kidogo kuliko ya asubuhi.

Mechi ikaanza. Abdul Suleiman 'Sopu' akafunga penalti kabla ya mapumziko, kipindi cha pili Mohamed Hussein 'Tshabalala' akapiga kichwa, Stars mbili, Burkina Faso bila. Bao la pili mjomba alimkumbatia askari wa mgambo.

Tulilala Tandika kwa mama mdogo. Saa sita usiku ilikuwa imeshapita, yeye ametupashia viazi na samaki, na mimi nikaanza kumsimulia dada yule wa kwenye treni, macho ya Iommi, yule ng'ombe wa chuma, na ule usiku wa ufunguzi na Soweto Kinch. Mjomba aliacha kutafuna.

"Kumbe kulikuwa na saksafoni?"

"Ndiyo, mjomba. Yeye na mpiga saksafoni."

"Siku nzima unanionyesha fataki, na saksafoni ilikuwepo." Akafuta vidole kwenye kanga ya mama mdogo iliyokuwa imetundikwa kitini, akasukuma sahani. "Leta simu. Mama fulani, una bando?"

Mama mdogo alikuwa na bando.