Mwenye Nyumba Ambaye Luka Hakumtaja

Somo la juma hili: Luka 2:1–7

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumapili iliyopita niliwasomea watoto wa shule ya Jumapili, hapa Tukuyu, kitabu cha picha kinachosimulia kuzaliwa kwa Yesu, kimojawapo cha vile ambavyo kila ukurasa una mchoro mkubwa na sentensi mbili au tatu chini yake. Mvua ilikuwa ikipiga bati kwa nguvu hata ikanilazimu kusoma kwa sauti ya kuhubiri, na watoto wakasogea mpaka magoti yao yakagusa benchi langu. Tulipofika kwenye ukurasa wa mlango, tulimkuta mwanamume mnene aliyeshika kandili, uso ameukunja, kidole chake kikiwaonyesha Yusufu na Mariamu njia ya kuondokea. Binti mmoja wa miaka saba hivi akauliza, "Mwalimu, huyu baba mwenye gesti alikuwa anaitwa nani?"

Nilijua kwamba jina hilo halimo, lakini nilifungua Biblia mbele yao ili tulitafute pamoja. Luka anasema hivi tu: "akamvika nguo za kitoto, akamlaza katika hori ya kulia ng'ombe, kwa sababu hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni." Hakuna kandili, hakuna mlango uliofungwa, wala hakuna mwanamume yeyote aliyesema neno.

Simlaumu mchoraji. Maandishi yanaweza kunyamaza, lakini picha haiwezi, kwa kuwa anayetaka kuchora "hawakupata nafasi" hana budi kumchora mtu anayewanyima hiyo nafasi. Ndivyo alivyoingia punda pia, maana Luka hasemi kama walisafiri kwa miguu au juu ya mnyama kutoka Nazareti hadi Bethlehemu, safari ya zaidi ya kilomita 120, karibu sawa na kutoka hapa Tukuyu kwenda Mbeya mjini na kurudi. Ng'ombe na punda walio kando ya hori wametoka kwa nabii Isaya, katika mlango wa kwanza, aliposema kwamba ng'ombe amjua bwana wake, na punda ajua kibanda cha bwana wake. Na mwaka 1223, huko Greccio nchini Italia, Fransisko wa Asizi aliwaleta wanyama hao wazima, pamoja na hori lenye nyasi, ili watu waione Krismasi kwa macho yao. Mamajusi nao Mathayo hakuwahesabu. Alichotaja ni dhahabu, uvumba na manemane, sisi tukagawa zawadi moja kwa kila mtu. Hayo yote nawaachia watoto kwa furaha. Hata theluji ya kwenye jalada niliiacha, ingawa mtoto mmoja ambaye kwao ni Makete alisisitiza kwamba ile ni sakitu, umande ulioganda kwa baridi.

Mwenye gesti ndiye ninayeshindwa kumwacha apite.

Neno la Kiyunani ambalo Biblia yetu inalitafsiri hapa "nyumba ya wageni" Luka analitumia tena katika mlango wa 22, pale Yesu anapoagiza wanafunzi waulize, "Ki wapi chumba cha wageni, nile pasaka humo pamoja na wanafunzi wangu?" Hicho ni chumba ndani ya nyumba ya mtu. Alipotaka kutaja nyumba ya kulipia, ile ambayo Msamaria mwema alimpeleka majeruhi akamwachia mwenye nyumba dinari mbili, Luka alitumia neno lingine kabisa. Tena anatuambia kwamba Yusufu alikwenda Bethlehemu kwa sababu ni wa mbari na jamaa ya Daudi, yaani alikwenda kwao. Ni nani kati yetu anayerudi kwao Rungwe au Kyela akatafuta gesti kabla ya kubisha hodi kwa baba mdogo? Na kitabu cha picha kinawafikisha usiku, uchungu ukiwa umeshaanza, ilhali Luka anaandika, "katika kukaa huko, siku zake za kuzaa zikatimia." Walikuwa wameshakaa.

Kwa hiyo wapo wataalamu wa Biblia wanaoiona nyumba ya ndugu iliyojaa watu, chumba cha wageni kimeshachukuliwa, na mama mjamzito akapelekwa upande ambao mifugo hulala. Jambo hili halipaswi kutushangaza sisi, ambao mababu zetu wa Kinyakyusa walilala paa moja na ng'ombe wao. Watoto wangu wanalijua hori kwa mikono yao. Ndilo wanalolijazia mabingobingo kila jioni kabla ya kukamua.

Mwovu wa mlangoni anatupumzisha mno, nafikiri. Mtoto humchukia kwa ukurasa mmoja, kisha hufunua, na mimi ninayemsomea hufunua naye nikiwa na amani, kwa kuwa sijawahi kumfukuza mjamzito usiku. Lakini nyumba iliyojaa naifahamu. Juma hili mabasi yanashusha watu kutoka Dar es Salaam, magodoro yanatandikwa sebuleni, mahindi yanasubiri palizi, na kila jikoni kuna mama anayehesabu sahani huku akimjibu mgeni "karibu" bila kugeuka. Hakuna aliyekunja uso. Hakuna aliyemnyima mtu kitu. Na katika shughuli njema kama hizo inawezekana kabisa Mariamu akaachwa ajitafutie mwenyewe pa kumlaza mtoto, au, kinyume chake, bibi mmoja ambaye Luka hakumtaja akaacha chungu motoni, akasogeza ng'ombe, akafuta hori kwa khanga yake.

Nilipowagawia karatasi na kalamu za rangi, yule binti alichora ukurasa wa mlango upya. Mlango aliuacha wazi, na ndani akapanga vichwa vingi vilivyobanana kwenye mkeka, hata nikashindwa kumtambua Yusufu. Nilimuuliza mwenye gesti yuko wapi. Akaniambia amekwenda kukata majani, kwa sababu yaliyokuwamo horini ameyalalia mtoto, na ng'ombe hajala.