Nilivyojifunza namba za Kirumi baada ya kuharibu jiwe

Mimi ni fundi wa kuchonga maandishi kwenye marumaru: makaburi, mawe ya msingi, vibao vya milangoni. Kazi yangu hulipwa kwa herufi, na katika miaka yote sikuwahi kukosea jina la marehemu wa mtu. Nilichokuja kukosea ni mwaka.

Parokia moja hapa Morogoro ilikuwa inajiandaa na jubilei ya miaka 75. Walitaka jiwe la ukumbusho lenye mwaka wa kuanzishwa na mwaka wa jubilei, 1949 na 2024, ila kwa namba za Kirumi, maana mzee mmoja wa kamati aliona zina heshima zaidi. Nikasema hakuna shida. Nani asiyezijua? Si ndizo tulizoandika kwenye majalada ya madaftari, Darasa la VII, Kidato cha IV?

Ukweli ni kwamba nilizijua mpaka kumi na mbili tu, tena kwa njia ya saa, na saa yenyewe ilishanivuruga tangu utotoni. Babu alikuwa na saa ya ukutani yenye namba hizo. Mshale mfupi ukigusa VII asubuhi, babu anasema saa moja. Ukigusa XII, saa sita, na ole wake ambaye chakula chake hakijaiva. Kwa hiyo mpaka naingia darasa la nne niliamini kabisa kwamba VII ni moja, na nikaandika hivyo kwenye jaribio. Juu ya hayo, saa ile iliandika nne kwa vijiti vinne, IIII, kama saa nyingi za namna yake, wakati ubaoni tunafundishwa IV. Nikaona hawa Warumi hawaeleweki, nikaachana nao.

Turudi kwenye jiwe. 2024 niliipata bila taabu: MMXXIV. Kwenye 1949 nikapiga hesabu. M ni elfu, CM ni mia tisa, imebaki arobaini na tisa. L ni hamsini, basi nikitanguliza I inakuwa hamsini kasoro moja. MCMIL. Fupi, safi, inakaa vizuri katikati. Nikachonga kwa tindo, nikatia rangi ya dhahabu, siku mbili zikaisha.

Siku ya kulipeleka nilimkuta pale kanisani katekista mstaafu, mzee aliyewahi pia kufundisha hesabu. Akalitazama jiwe muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Huu ni mwaka gani?"

"Elfu moja mia tisa arobaini na tisa."

"Haya. Nionyeshe elfu moja." Nikamwonyesha M. "Mia tisa?" CM. "Arobaini iko wapi?"

Nikatafuta arobaini kwenye jiwe nililolichonga kwa mkono wangu, sikuiona.

Nikajitetea kwamba hamsini kasoro moja ni arobaini na tisa hata sokoni. Akakubali kwamba hesabu ni sawa. "Lakini hukutamka hivyo nilipokuuliza," akasema. Akachukua kipande cha chaki, akapiga magoti sakafuni, akaandika mwaka kama nilivyoutamka, kipande kwa kipande: elfu moja, M, mia tisa, CM, arobaini, XL, tisa, IX. MCMXLIX.

Hapo ndipo nilipoelewa, na mpaka leo situmii njia nyingine. Namba tunavyoitamka kwa Kiswahili tayari imeshakatwa: maelfu peke yake, mamia peke yake, makumi, halafu mamoja. Kazi yangu ni kuandika kila kipande kilivyotoka mdomoni. Hata sifuri haina usumbufu. Warumi hawakuwa na alama yake, nasi tukisema elfu mbili ishirini na nne hatutaji mia yoyote, basi hakuna cha kuandika.

Ile "kasoro" yangu nayo ina mahali pake, ila ni ndani ya kipande tu, na ni kwenye nne na tisa peke yake. Tano kasoro moja, IV. Kumi kasoro moja, IX. Hamsini kasoro kumi, XL. Mia kasoro kumi, XC. Mia tano kasoro mia, CD. Elfu kasoro mia, CM. Basi, ni hizo sita. Anayesema kila siku saa tatu kasoro robo hashindwi na jambo hili. Kwingine kote unajumlisha tu, na M, C, X au I hairudiwi zaidi ya mara tatu mfululizo. V, L na D hazirudiwi kabisa.

Herufi zenyewe nilizishika kwa vitu vya karibu. M niliipata kwenye tepu yangu ya kupimia: milimita elfu moja ndiyo mita. C, shilingi ina senti mia. V ni X iliyokatwa katikati ikabaki nusu ya juu, na tano ni nusu ya kumi. L na D hazikunipa msaada wowote, hizo nilikariri kama mtoto.

Jioni nikawa naandika miaka nyuma ya daftari la wateja. Uhuru wa Tanganyika, 1961, MCMLXI. Muungano, 1964, MCMLXIV. Wamisionari walipofungua misheni Bagamoyo, 1868, MDCCCLXVIII, herufi kumi na moja. Kwenye 1999 niliteleza tena nikaandika MIM, ugonjwa ule ule. Nilipoitamka kwa sauti ikanyooka yenyewe, MCMXCIX. Mwaka ninaoutamani kuliko yote ni 1888, MDCCCLXXXVIII, herufi kumi na tatu. Mpaka sasa hajatokea mteja wa kuutaka, na kwa anayelipwa kwa herufi hilo ni pigo.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba Warumi wenyewe hawakuwa wakali hivyo. Kwenye Colosseum, ule uwanja wa kale wa michezo kule Roma, mlango wa 44 umechongwa XLIIII: arobaini kwa kasoro, nne kwa vijiti. Saa ya babu haikuwa na kosa basi. Nilitamani kumpelekea Mwalimu habari hiyo kama utetezi, nikakumbuka kwamba hata huko IL yangu haimo.

Jiwe jipya lingekula faida yote, kwa hiyo nilifanya kinachofanywa na fundi aliyebanwa. Nililigeuza. Nikasawazisha mgongo wake kwa grenda, nikapiga msasa mpaka ukang'aa, nikachonga upya huku natamka kila kipande kwa sauti, kijana wangu wa kazi akidhani nasali. Siku ya jubilei lilibarikiwa, likapigwa picha. Upande wa pili, umelala kwenye saruji, kuna MCMIL ya dhahabu, na siku wakija kubomoa ukuta ule natumaini sitakuwepo kuulizwa arobaini iko wapi.