Siku moja maishani mwangu: mchapaji wa steshenari, Nyegezi

Saa 12:30 asubuhi nafungua, nafagia, nawasha kompyuta na mashine ya fotokopi ipate moto. Hadi saa 4 ni kopi za vyeti na vitambulisho tu, mikono inajiendea yenyewe.

Watu hudhani mchapaji ni vidole. Wangekuwepo saa 4 na nusu alipoingia kijana na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne: barua ya kuomba kazi kiwanda cha minofu ya sangara. Mstari wa pili: "I am industrial."

"Kaka, hapa ulitaka kusema mchapakazi. Hiyo ni industrious. Industrial ni mambo ya viwanda: mashine, eneo, taka."

"Sasa dada, si naomba kiwandani?"

Nilikosa jibu kidogo. Maneno hayo ni ndugu kweli, yote yanatokana na industria ya Kilatini, yaani bidii. Moja likabaki kwa mtu, jingine likahamia kwenye mabomba. Nikampa mengine achague. Hardworking ni la kila siku, halina makuu. Diligent ni anayefanya kazi kwa uangalifu. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini cha kupenda na kuthamini, na kwa mtu atakayeshika kisu cha minofu ningechagua hilo. Assiduous ni asiyebanduka kwenye kazi yake, na chimbuko lake ni kuketi kando ya kitu. (Hilo ningejiandikia mwenyewe. Kiuno changu ni shahidi.)

Akataka assiduous kwa sababu lilionekana la kisomi. Namweleza kwamba msimamizi wa zamu huenda akahitaji kamusi, umeme ukakatika. Sikuwa nimehifadhi.

Foleni ikafika barazani. Wanafunzi wa chuo wananuna na flashi zao, mama mmoja mwenye fomu za kikundi cha dagaa ananiambia, "Pole mwanangu." Umeme ulirudi sijui saa ngapi, baada ya chakula ambacho sikula. Nikaichapa upya. Tukakubaliana: hardworking and diligent. Kati ya 1,000 alitoa 800. Mia mbili "nitaleta".

Halafu ripoti za wanafunzi, ukurasa juu ya ukurasa, macho kama yametiwa mchanga. Giza limeshaingia, navuta geti, nikamwona yule kijana anakuja mbio, barua mkononi.

"Dada, mjomba anasema rudisha industrial. Yeye alishafanya kazi kiwandani."

Nikamwonyesha kufuli.