Nilimwongezea blanketi

Usiku ule tulikuwa wakunga wawili, akina mama kumi na mmoja na vitanda tisa. Nayataja haya mapema ili nisije nikayafanya kisingizio huko mbele, maana nimeshayatumia vya kutosha: kwa msimamizi, kwa mume wangu, kwa Mungu.

Mmoja wa akina mama hao alifika saa nne usiku kutoka Eastleigh, ameshikwa mkono na wifi yake. Nikafungua kijitabu cha kliniki. "Wa tano?" nikasema, nikageuza ukurasa. Alikuwa amehamia Nairobi kutoka Mandera mwaka huohuo na Kiswahili chake kilikuwa cha kuhesabika, kwa hiyo maneno yote yalipitia kwa wifi, msichana wa miaka kumi na sita hivi aliyeinamisha kichwa kila nilipouliza kama chupa imepasuka.

Saa 7:10 alijifungua mtoto wa kike, bila kelele. Nikamdunga oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, yuniti 10 pajani, kondo likatoka zima, tumbo likakaza. Mliofanya kazi leba mnajua tunavyosema kuhusu akina mama wa Kisomali: hawa hawalii, hawa wamezoea. Tunalisema kama sifa. Mimi nimewahi kuliambia kundi zima la wanafunzi, nikitabasamu.

Kitanda cha dirishani kilikuwa na mwalimu, mimba ya kwanza, Kiingereza laini. "Sista, samahani kidogo," kisha swali. Nilipenda maswali yake. Nilimweleza hadi kwa nini kichwa cha mtoto hutoka kimechongoka na kinavyorudi baadaye. Kwake sikutumia amri. Kiswahili chetu cha wadi, ukikisikiliza vizuri, ni amri tupu: panda, lala, panua, sukuma, nyamaza. Mwalimu alipata sentensi nzima zenye "kwa sababu" ndani.

Saa mbili za kwanza baada ya kujifungua, mama huangaliwa kila dakika 15: mpigo wa moyo, presha, tumbo, damu. Mara ya kwanza nilifanya yote. Mara ya pili nilisimama miguuni pa kitanda nikauliza, "Uko sawa?" Wifi akatafsiri, mama akajibu maneno kadhaa, wifi akaniambia, "Anasikia baridi." Nikamletea blanketi, tena kwa roho safi kabisa. Mara ya tatu, baridi bado. Nikaongeza la pili, nikarudi dirishani. Kwenye faili kuna mwandiko wangu wa saa ile: "Mama ametulia."

Aliyegundua ni mama wa usafi, aliyekuwa akipiga deki. "Sista, kuja uone hapa chini."

Nikafunua yale mablanketi. Godoro lilikuwa limeloa, na tumbo lililokuwa gumu kama mpira sasa lilikuwa laini kama mkate uliochovywa kwenye chai. Mililita 500 za damu ndiyo mpaka tunaoufundishwa. Yeye alikuwa ameupita zamani. Nikalikanda tumbo, mwenzangu akafungua dripu, tukatoa mabonge, tukamwita daktari, zikaongezwa chupa mbili za damu. Akapona. Nasema hivyo kwa sentensi moja, lakini ilikuwa dakika arobaini na mikono yangu ilitetemeka hadi asubuhi.

Kinachonikera zaidi ni ile tano. Kitabuni, mimba ya tano ni sababu ya kumkazia mama macho zaidi, kwa kuwa kizazi kilichobeba mara nyingi huchoka kukaza. Kichwani mwangu tano ilimaanisha huyu anajua kazi. Namba ni ileile.

Kuna utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Nigeria, Tanzania na Afrika Kusini, matokeo yakachapishwa 2023: mama akilazwa juu ya plastiki yenye mistari ya kupimia damu, na tiba zote zikaanza kwa pamoja badala ya moja baada ya nyingine, madhara makubwa ya kutoka damu hupungua kwa asilimia 60. Naiunga mkono plastiki hiyo kwa mikono miwili. Ila nayo lazima mtu aifunulie blanketi.

Baadaye nilimwelezea mwenzangu mmoja wa Garissa jinsi ilivyokuwa. Akaniuliza kama nilisikia neno "dhiig". Nililisikia, mara mbili. Ndiyo damu kwa Kisomali. Wifi hakulitafsiri kwa sababu karibu nasi alisimama mwanafunzi wa udaktari, mwanamume, na yeye msichana aliona haya. Miaka kumi na moja leba, karibu na Eastleigh, na sikujua neno la damu. Sasa ninalijua, pamoja na "xanuun", uchungu.

Jambo jingine nililofanya ni la kitoto kidogo. Kwa zamu kumi nilibeba daftari mfukoni, kila nikiendea kitanda nachora kijiti. Sikumwambia mtu. Zamu moja: mama wa Kilimani, mfanyakazi wa benki, vijiti tisa. Msichana wa Mathare aliyekuwa akilia kwa Sheng hadi tukamwita msumbufu, vijiti vitatu, na kimoja kati ya hivyo ni cha kumwambia ajikaze. Wote wawili mlango wa kizazi ulikuwa umefunguka sentimita sita. Simchukii mtu yeyote wa Mathare, nimezaliwa Huruma, ng'ambo tu ya pale. Miguu ilijipeleka yenyewe.

Wiki ya sita mama yule alirudi kliniki. Safari hii mwenzangu wa Garissa ndiye aliyetafsiri. Nikaomba amuulize kwa nini hakuniita kwa sauti usiku ule, hata kwa ishara.

Mwenzangu alisita kwanza. "Anasema ulipofungua kitabu chake ulisema 'wa tano' hivi." Mama naye akainua nyusi, akabetua mdomo. Nilijiona. "Hesabu za Kiswahili anazijua, za sokoni. Akaona asikusumbue tena."